Halakha ni nini? Misingi ya sheria ya dini ya Kiyahudi kwa msomaji wa Eastlands

Nairobi ina Jerusalem yake na Jericho yake. Ni mitaa ya Eastlands, upande wa Jogoo Road, na watu wa Mwambao waliohamia jijini kutafuta riziki wanaijua vizuri kama wanavyoijua Pumwani, Majengo na Eastleigh. Katika mitaa hiyo Myahudi wa kuzaliwa ni adimu, lakini Uyahudi hauishi kuzungumzwa. Jumamosi utasikia makanisa yanayoshika Sabato yakiimba, na mengine yanapuliza pembe la kondoo, waumini wamejitanda shuka zenye vishada, wakisema wao ndio wanaofuata sheria ya Musa. Jioni, barazani nje ya msikiti, habari za Gaza zinasomwa kwenye simu, na hapo hakosi mtu wa kusema, "Hiyo ndiyo sheria ya Mayahudi."

Wote hao wanataja kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukisoma. Leo, ndugu msomaji, nakuletea misingi yake kwa ufupi. Sababu yangu ni moja. Sisi Waislamu tumechoka kusikia watu wakisema "sharia" huku wakimaanisha kukatwa mikono tu. Tunadai wengine wasome kabla ya kutuhukumu. Basi na sisi tuwape wengine haki hiyo hiyo.

Tuondoe matope kwanza

Kuna mambo matatu yanayochanganywa kila siku.

La kwanza, sheria ya dini ya Kiyahudi si sheria ya dola ya Israeli. Bunge la Israeli hutunga sheria zake kama mabunge mengine. Mahakama za marabi kule zina mamlaka juu ya ndoa na talaka za Wayahudi kwa sheria ya mwaka 1953, na Waislamu wa kule nao wana mahakama zao za kadhi, kama sisi tulivyo na zetu chini ya Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Anachoamua waziri au jenerali si fatwa ya dini, na Wayahudi wenyewe wanabishana vikali juu yake. Mtu anaweza kuwalilia watu wa Gaza, na ana haki ya kulia, bila kuitukana Taurati ambayo dini yetu inatuamuru tuamini kwamba iliteremshwa na Mwenyezi Mungu.

La pili, sheria hiyo si Agano la Kale lililosomwa juu juu. Chukua lile neno maarufu la jicho kwa jicho. Marabi tangu kale wamelifasiri kuwa ni fidia ya mali. Aliyemjeruhi mwenzake hulipa kwa hesabu tano: kiungo kilichoharibika, maumivu, gharama ya matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu aliyotiwa mtu. Kwetu tungesema ni jambo lililo karibu na diya. Msomaji wa Biblia peke yake hawezi kulijua hilo.

La tatu, makundi yanayomwamini Yesu kuwa Masihi huku yakishika sikukuu za Kiyahudi ni Wakristo machoni mwa madhehebu yote makubwa ya Kiyahudi. Hilo si tusi kwao. Ni kila dini kujua mipaka yake.

Wayahudi wa karibu yetu

Halakha si jambo la ng'ambo tu. Jamii ya Wayahudi wa Nairobi iliundwa mwaka 1904, na sinagogi lao liko hadi leo pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, mwendo mfupi wa matatu kutoka Eastleigh. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kuwapa Wayahudi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyeji, na mkutano wa Wazayuni ukaikataa ofa hiyo mwaka 1905. Katikati ya miaka ya 1950 Nairobi ilipata meya Myahudi, Israel Somen.

Kuvuka mpaka, karibu na Mbale nchini Uganda, wako Abayudaya. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa mkuu wa kijeshi aliyewatumikia Waingereza. Aliisoma Biblia, akashikilia sheria ya Musa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Jamii hiyo ilipitia dhiki wakati wa Idi Amin, dini yao ilipopigwa marufuku. Na hapa Kenya, huko Kasuku katika Kaunti ya Nyandarua, kuna jamii ndogo iliyotoka katika kanisa la namna ile niliyoitaja, kisha ikaamua kufuata Uyahudi wenyewe. Habari zao tutazirudia, kwa sababu zinagusa swali gumu la nani ni Myahudi.

Sheria inatoka wapi

Neno halakha lina asili ya kitenzi cha Kiebrania kinachomaanisha kwenda. Maana yake ni njia ya kwenda nayo. Anayejua kwamba sharia kwa asili ni njia inayoelekea majini ataona mara moja undugu wa maneno haya mawili.

Msingi ni Taurati, vitabu vitano vya Musa. Kwa hesabu ya wanazuoni wao ina amri 613: 248 za kutenda na 365 za kuacha. Amri moja huitwa mitsva. Nyingi kati ya hizo hazitekelezeki leo, kwa kuwa zilihusu hekalu na kafara, na hekalu la Jerusalem lilibomolewa na Warumi mwaka 70.

Pamoja na Taurati iliyoandikwa, Wayahudi wanaamini kuna Taurati ya mdomo, yaani maelezo yaliyopokewa mwalimu kwa mwanafunzi. Karibu mwaka 200 Rabi Yehuda, kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, aliyakusanya maelezo hayo katika Mishna, yenye migawanyo sita. Mijadala ya wanazuoni juu ya Mishna ikaitwa Gemara. Mishna na Gemara kwa pamoja ndiyo Talmudi. Ziko mbili, ya Palestina na ya Babeli, yaani Iraki ya leo. Ile ya Babeli, iliyokamilika kati ya karne ya 5 na ya 7, ndiyo yenye uzito zaidi.

Talmudi haisomwi kama orodha ya sheria. Ni mabishano. Huyu anasema hivi, yule anapinga, wa tatu analeta mfano, na mara nyingine swali linaachwa bila jibu. Kwa hiyo baadaye walihitajika watu wa kupanga hukumu. Mkubwa wao ni Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Kordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Alikuwa tabibu katika utawala wa Salahuddin, na vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu. Mkusanyiko wake mkubwa wa sheria, Mishne Tora, una vitabu 14. Karne kadhaa baadaye Yosef Karo aliandika Shulkhan Arukh, maana yake meza iliyoandaliwa, kilichochapishwa Venice mwaka 1565. Karo alifuata zaidi desturi za Wayahudi wa Hispania na nchi za Waislamu, hivyo Moshe Isserles wa Krakow akaongeza maelezo ya desturi za Ulaya. Hadi leo kitabu hicho na nyongeza zake ndicho rabi anachokifungua kwanza.

Mambo mapya yanapotokea, mtu humwandikia rabi swali naye hujibu kwa maandishi. Majibu hayo yamekusanywa kwa maelfu. Kwetu jina lake ni fatwa.

Kanuni kuu

Kuna kanuni sita ambazo ukizishika utaelewa sehemu kubwa ya halakha.

Ya kwanza ni kutenganisha kilichotoka kwenye Taurati na kilichowekwa na wanazuoni. Vyote viwili vinafuatwa, lakini uzito si mmoja. Shaka ikitokea katika jambo la Taurati, mtu huchukua upande mgumu. Shaka ikiwa katika jambo la wanazuoni, huchukua upande mwepesi.

Ya pili ni ua. Wanazuoni hujenga ua kuizunguka Taurati ili mtu asifike karibu na haramu. Fakihi wetu angesema ni kuziba njia za maovu. Mfano: Taurati inakataza kazi siku ya Sabato, na wanazuoni wakaongeza kwamba hata kalamu ya kuandikia isishikwe siku hiyo, mtu asije akajisahau akaandika.

Ya tatu ni mila ya jamii. Desturi iliyozoeleka mahali hupata nguvu ya sheria, mradi isigongane na sheria yenyewe. Ndiyo maana Myahudi wa Yemen na Myahudi wa Poland wanasali tofauti na kula tofauti wakati wa Pasaka, na kila mmoja yuko sawa. Anayewajua Mashafii wa Lamu na Mahanafi wenye asili ya Bara Hindi pale Nairobi hatashangaa.

Ya nne ni wingi wa wanazuoni. Talmudi inasimulia kisa cha Rabi Eliezer aliyebishana na wenzake juu ya usafi wa tanuri. Alipozidiwa na wingi wao aliomba miujiza imthibitishe, nayo ikatokea, hata sauti ikasikika kutoka mbinguni ikimuunga mkono. Wenzake wakakataa, wakisema Taurati ilishateremshwa, na sasa hukumu ni ya wanazuoni kwa wingi wao. Katika mabishano ya shule mbili kongwe, ya Hilleli na ya Shamai, hukumu ilienda kwa Hilleli mara nyingi, na Talmudi inataja sababu. Wafuasi wake walikuwa wapole, na walianza kwa kueleza hoja za wapinzani wao kabla ya zao. Hilo ni funzo kwa baraza yoyote, ya Majengo au ya Mji wa Kale.

Ya tano ni uhai. Kuokoa maisha kunaondoa karibu kila amri. Mama akishikwa na uchungu Ijumaa usiku, gari linawashwa, simu inapigwa na daktari anafanya kazi yake yote. Anayechelewa kwa sababu ya uchamungu amekosea. Amri zinazobaki hata kwa hatari ya kifo ni tatu tu: kuabudu sanamu, kuua, na zinaa iliyokatazwa katika Taurati, kama ya maharimu au mke wa mtu. Sisi tunayo kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Na Qurani, katika sura ya Al-Maida, inaeleza kuwa ni Wana wa Israeli walioandikiwa kwamba anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote. Mishna nayo inalo fundisho hilo.

Ya sita ni sheria ya nchi. Katika karne ya 3 huko Babeli mwanazuoni Shmueli aliweka kanuni kwamba katika mambo ya mali, sheria ya dola ni sheria. Myahudi anayeishi ugenini analazimika kidini kulipa kodi na kuheshimu mikataba ya nchi. Kanuni hiyo haifiki kwenye ibada. Dola haiwezi kumhalalishia nguruwe.

Jikoni na buchani

Chakula kinachofaa huitwa kosha. Mnyama wa nchi kavu lazima awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanafaa. Nguruwe hafai. Sungura hafai. Na hapa ndipo Eastleigh ingemtoa Myahudi jasho, maana ngamia naye hafai, nyama yake wala maziwa yake, kwa kuwa anacheua lakini kwato zake hazihesabiwi kuwa zimepasuka.

Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Ngege na sangara wa ziwani wanaouzwa Gikomba wanafaa, lakini kambare hana magamba, hafai. Kwa mtu wa Pwani habari ni chungu zaidi: pweza, ngisi, kaa, kamba na chaza wote ni haramu kwao.

Mchinjaji awe amesomea kazi hiyo na ni mchamungu. Kisu kiwe kikali bila pengo hata dogo, koo likatwe kwa mwendo mmoja, na dua isomwe kabla ya kuanza. Baada ya kuchinja, mapafu hukaguliwa kuona kama mnyama alikuwa na kasoro. Damu hutolewa kwa kuiloweka nyama na kuitia chumvi, na mshipa wa paja huondolewa kwa kumbukumbu ya Nabii Yaakub.

Kisha kuna jambo tusilokuwa nalo kabisa. Taurati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na wanazuoni wamelifanya kuwa katazo la kuchanganya nyama na maziwa kwa namna yoyote. Vyombo vya nyama ni mbali na vya maziwa. Aliyekula nyama hungoja, jamii nyingi saa sita, ndipo anywe chai ya maziwa.

Je, Mwislamu anaweza kula nyama ya kosha? Chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa kwetu katika Al-Maida, na wanazuoni wengi wanairuhusu nyama hiyo. Lakini Myahudi mshika dini hali nyama ya bucha letu, kwa kuwa haikuchinjwa na mchinjaji wao. Jirani akikataa mshikaki wako, usidhani ni dharau.

Sabato na kalenda

Sabato huanza Ijumaa kabla ya jua kuchwa na kumalizika Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Mishna inataja aina 39 za kazi zilizokatazwa, ambazo wanazuoni wamezihusisha na kazi za kujenga hema la ibada wakati wa Musa. Miongoni mwake ni kulima, kusuka, kushona, kuandika, kuwasha moto na kubeba vitu hadharani. Kwa hiyo mwenye kufuata halakha hapandi matatu Jumamosi, hapiki, hagusi pesa wala hawashi taa. Chakula hupikwa Ijumaa. Kusali kanisani Jumamosi asubuhi kisha kwenda sokoni ni kushika Sabato kwa namna nyingine, si kwa halakha.

Myahudi husali mara tatu kwa siku. Kwa sala kamili ya jamaa wanahitajika watu wazima kumi, na kwa madhehebu ya Kiothodoksi ni wanaume. Mashafii, wanaotaka wanaume arubaini kwa sala ya Ijumaa, wanaelewa hesabu za namna hii.

Miezi yao, kama yetu, hufuata mwandamo. Tofauti ni kwamba wao huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19, ili Pasaka ibaki katika majira yake. Zamani nao walipokea mashahidi waliouona mwezi. Mapokeo yao yanasema tangu karne ya 4 wakashika hesabu. Sisi ambao kila Ramadhani tunabishana juu ya mwezi wa hapa na mwezi wa ng'ambo tunaweza kujifunza kwamba swali hili si geni duniani.

Kibarua na mkopo

Wengi wa Eastlands ni watu wa kibarua, wa mjengo, wa jua kali. Taurati inaamuru ujira wa kibarua wa kutwa ulipwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, naye ametufundisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Tajiri Mwislamu, Mkristo au Myahudi anayemwambia fundi "njoo wiki ijayo" hana kitabu cha kujitetea nacho.

Riba kati ya Wayahudi wenyewe imekatazwa, kuitoa na kuitoza. Kumkopesha maskini bila riba ni sadaka kubwa. Biashara ilipopanuka, wanazuoni walitunga hati inayogeuza mkopo kuwa ubia, mwenye mtaji na mwenye kazi wakigawana faida, karibu na mudharaba wetu. Wapo wanaolalamika kwamba hati hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Nasi tunayasikia malalamiko hayo hayo juu ya benki zetu za Kiislamu.

Sadaka ni wajibu, na desturi ni kutoa sehemu ya kumi ya pato. Bin Maimuni alizipanga daraja nane za utoaji. Ya juu kabisa ni kumwezesha mtu kwa kazi, mkopo au ubia hadi asihitaji kuomba tena.

Ndoa, talaka na mwanamke aliyefungwa

Hapa ndipo penye uchungu. Ndoa ya Kiyahudi ina hati iitwayo ketuba, ambayo mume hujifunga kumlipa mke kiasi fulani akimwacha au akifa. Ni jamaa wa mahari yetu. Aliyeachika hungoja siku 90 kabla ya kuolewa tena, na hapo utaikumbuka eda. Kuoa wake wengi kuliruhusiwa, hadi karibu mwaka 1000 Rabi Gershom wa Mainz alipopiga marufuku kwa Wayahudi wa Ulaya, akakataza pia kumwacha mke bila ridhaa yake. Mtu akifa bila mtoto, Taurati inamtaka ndugu yake amrithi mjane. Leo karibu kote hufanywa badala yake ibada ya kumwacha huru. Familia za Kaloleni na Makongeni zinazobishana juu ya kurithi wajane zingekuwa na mengi ya kuzungumza na marabi.

Talaka hutimia mume anapompa mke hati iitwayo get kwa hiari yake. Rabi husimamia, lakini rabi hatoi talaka. Mume akikataa, au akipotea, mke hubaki amefungwa, naye huitwa aguna. Akizaa na mwanamume mwingine kabla ya hati hiyo, mtoto hataruhusiwa kuoa wala kuolewa katika jamii kwa kawaida, na doa hilo hurithiwa na kizazi chake.

Wanazuoni wao wamehangaika na jambo hili kwa karne nyingi. Bin Maimuni alisema mahakama inaweza kumbana mume hadi akubali. Israeli, sheria ya mwaka 1995 inaruhusu mahakama ya marabi kumnyima mume mkaidi leseni ya gari na pasipoti, au kumtia jela. Marekani, tangu miaka ya 1990, marabi wengi wanawashauri wachumba watie saini mkataba kabla ya ndoa unaomgharimu mume anayekataa. Hata hivyo wanawake wangali wanafungwa.

Nakuomba uliangalie jambo hili kwa macho ya nyumbani. Sheria yetu imempa kadhi milango ambayo rabi hana kwa urahisi. Iko khului, na iko faskhi, ambapo kadhi mwenyewe huivunja ndoa yenye madhara. Lakini Pumwani na Eastleigh, na Mombasa pia, utawapata akina mama walioachwa bila kuachwa. Mume kaoa kwingine, hatoi matumizi wala talaka, na wazee wanamwambia mke asubiri. Marabi wanatafuta ufunguo wa mlango mgumu. Sisi mlango uko wazi, na tunamzuia mtu kupita kwa aibu na maneno. Dada yangu, Mahakama ya Kadhi ni ya kikatiba, nayo ni haki yako.

Kwa Wayahudi wa Kenya hali ni tofauti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Ya Kiyahudi haimo. Wanaotaka ndoa yao itambuliwe na dola hupitia ile ya kiserikali, kisha wafanye ya dini yao.

Mazishi

Kwa jambo hili tungeweza kubadilishana wazee. Maiti huoshwa, huvikwa sanda nyeupe, tajiri na maskini sawa, na huzikwa haraka. Wanaofuata sheria hiyo hawachomi maiti. Matanga yao ni siku saba, wafiwa wakikaa chini na majirani wakiwaletea chakula.

Nani ni Myahudi?

Kwa halakha, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyesilimu kwa dini yao mbele ya mahakama ya watu watatu, akakubali amri, akatahiriwa kama ni mwanamume, na akazama katika maji ya twahara. Kujitangaza hakutoshi. Wala hawatafuti waumini wapya. Rabi kwa desturi humkatisha tamaa anayekuja, amjaribu nia. Asiye Myahudi, kwa imani yao, hatakiwi kushika zile amri 613. Anatosheka na saba walizopewa wana wa Nuhu, zikiwemo kutoua, kutoiba na kuweka mahakama za haki.

Ugumu uko katika swali la mahakama ya nani. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Conservative waliwasilimisha wengi wa Abayudaya, na kiongozi wao, Gershom Sizomu, akawa rabi mwaka 2008 baada ya kusomea Marekani. Waothodoksi hawaitambui mahakama hiyo, na huko Israeli suala la kuwatambua limewahi kupelekwa hadi mahakamani. Watu walioshika Sabato tangu 1919, wakafungiwa milango na Amin, bado wanaulizwa cheti chao kina saini ya nani. Mwafrika aliyesilimu na kuulizwa na Mwarabu kuhusu asili yake anaijua ladha ya swali hilo.

Nao hawakukaa kulia tu. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa pande hizo za Mbale, Wayahudi, Waislamu na Wakristo, waliunda ushirika wa pamoja wa kuuza kahawa yao ng'ambo.

Maswali ya kuuliza

Basi mtu akikuambia barazani kwamba sheria ya Mayahudi inasema hivi, muulize taratibu. Je, ni Taurati, au ni wanazuoni? Ni hukumu iliyoshika, au ni rai moja katika mabishano ya Talmudi? Ni halakha, au ni sheria ya bunge? Ni mila ya jamii ipi? Asipokuwa na jibu, mnyweshe kahawa na mbadilishe mazungumzo.

Na kesho jirani Mkristo pale Jericho akikuambia sharia inasema hivi, utakuwa na haki ya kumuuliza maswali hayo hayo, kwa kuwa wewe mwenyewe unayafuata.